Video za Harusi na Sinema ya Kauboi ya Mwaka 1952

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video kwa kiingilio, tulikuwa na masharti yetu kwa picha la kauboi: risasi zianze mapema, stelingi asife, adui mkubwa auawe mwisho. Kwa masharti hayo, picha la High Noon la mwaka 1952 tungelidai hela zetu mlangoni. Lina dakika 85, halina rangi, na kwa zaidi ya saa nzima hakuna anayempiga mwenzake risasi. Kuna mtu mzima mwenye kofia anayetembea nyumba hadi nyumba kuomba msaada, ananyimwa, anaendelea kutembea. Kisha inafika saa sita mchana, watu wanne wanakufa ndani ya dakika chache, picha limekwisha.

Hilo ndilo lililonifundisha kuhariri video za harusi.

Nililipata kwenye flashi ya kaka aliyenifundisha kazi, enzi hizo akiwa na studio ya chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, kompyuta mbili na feni ambayo tuliizima kila tukirekodi sauti. Aliniambia mara ya kwanza nilitazame nikiwa nimezima sauti. Nikamuuliza kama ananidharau Kiingereza changu. "Wewe ukisikia maneno unafuata midomo," akasema. "Zima, uone watu wanaangalia wapi."

Kisa chenyewe hakichukui muda kukisimulia. Ni Jumapili asubuhi katika mji mdogo wa Hadleyville, huko magharibi ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Will Kane, askari mkuu wa mji, anayeigizwa na Gary Cooper, anafunga ndoa na Amy, yaani Grace Kelly alipokuwa bado hajulikani sana. Siku hiyohiyo anavua beji ili waondoke wakafungue duka mahali pengine. Pete haijapoa kidoleni, inaletwa telegramu: Frank Miller, ambaye Kane alimkamata na akahukumiwa kunyongwa, amesamehewa na anakuja kwa treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu tayari wako stesheni wanamsubiri. Wageni wanamsukuma Kane aondoke haraka pamoja na mkewe, anaondoka, anafika njiani anageuza farasi. Amy ni Mkweka, dini yake haitaki silaha, na baba na kaka yake waliuawa kwa risasi. Anamwambia mumewe kwamba kama anabaki kupigana, yeye anapanda treni ileile ya saa sita.

Unaona basi. Sinema yenyewe inaanza na harusi, tena harusi ya bomani, kwenye chumba kidogo, mbele ya hakimu, wageni wa kuhesabika. Mtu wa kazi yangu haachi kuwatazama wageni. Yupo hakimu Mettrick aliyewafungisha. Yupo Jonas Henderson, mkubwa wa mji. Yupo Martin Howe, askari mzee aliyestaafu. Yupo Sam Fuller na mkewe. Wote wanacheka, wanampa bwana harusi mkono, wanambusu bibi harusi. Mara ya pili kutazama nikagundua kwamba milango anayokwenda kugonga Kane baadaye ni ya hawahawa. Hakimu anakunja bendera na kufungasha mizani yake ya haki, huku akimpa Kane somo la historia ya Ugiriki ya kale; anaondoka kwa farasi. Fuller anajificha chumbani na kumtuma mkewe mlangoni aseme hayupo. Howe anaonyesha vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi. Henderson nitamfikia. Mwandishi wa sinema hii alitupa orodha ya wageni mwanzoni kabisa, halafu akaitumia kama kamati ya harusi inavyotumia orodha ya ahadi za michango: jina moja moja, na mbele ya kila jina sababu.

Na sababu zenyewe si za kipuuzi. Hapo ndipo lilipo jambo. Karani wa hoteli anamchukia Kane kwa sababu biashara ilikuwa nzuri zaidi enzi za Miller, sawa, huyo ni wa kulaumiwa. Lakini Herb Baker, aliyejitolea mwenyewe na kwa moyo mmoja, anarudi na kukuta hakuna mwingine aliyejiandikisha, anakumbuka ana mke na watoto. Nani atambishia? Waliobaki kuwa tayari ni mlevi mwenye jicho moja na kijana wa miaka 14, na Kane anawarudisha wote wawili nyumbani.

Nilipotazama bila sauti, kilichonishika ni kwamba kamera haikai sana kwa anayetoa sababu. Anasema, halafu tunapelekwa kwa Kane anayesikia. Cooper hafanyi lolote kubwa: analegeza taya, anaangalia chini, anaweka kofia. Basi. Lakini mimi nisiyesikia hata neno moja nilijua kwamba amenyimwa tena, na nilijua ni kwa upole au kwa dharau.

Mfano mzuri kuliko yote ni kanisani. Kane anaingia ibada ikiendelea, anaomba watu. Kwanza kuna mwamko, wanaume wanainuka, halafu mmoja anauliza swali, wa pili naye, watoto wanatolewa nje, linakuwa baraza. Mchungaji mwenyewe anamkumbusha Kane kwamba harusi yake hakuona vyema kuifungia hapa. Mwisho anasimama Henderson, anayeigizwa na Thomas Mitchell, mtu mwenye uso wa baba mdogo anayependwa na watoto wote. Anaanza kwa sifa. Kane ni askari bora kuliko wote tuliowahi kuwa naye, mji huu tunadaiwa naye. Ukitazama bila sauti unamwona Kane anapata nguvu, kama aliyeona gati. Kisha hotuba inakata kona: kuna watu wa huko juu wanafikiria kuleta fedha za kujenga maduka na viwanda, na wakisikia kuna mapigano ya risasi barabarani watasita. Kwa hiyo, Will, kwa faida ya mji na yako mwenyewe, ondoka. Yote hayo kwa sauti ya upendo. Baadaye nilipowasha sauti nilisikia ufundi wa Mitchell, lakini uchungu nilikuwa nimeshaupata kwa yule anayemsikiliza.

Sasa njoo ukumbini. Video ya harusi au sendofu (sherehe ya kumuaga binti) ya hapa kwetu, kwa kawaida, inafuata kipaza sauti. Aliyenacho ndiye tunayemwona. MC anaongea, tunamwona MC. Mwenyekiti wa kamati anahutubia, tunamwona mwenyekiti, robo saa nzima, karatasi mkononi, jasho kwenye kola. Mwishoni unapata saa nne za watu wanaongea na kipaza, na bibi harusi anaonekana akiingia, akikata keki na akitoka.

Nilianza kuweka kamera ya pili upande wa pili, ikiwageuzia mgongo wasemaji. Sendofu moja ilikuwa Tabata. Baba wa binti alikuwa mtu wa maneno machache, amekaa meza ya mbele, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti akasimulia jinsi mzee huyu alivyokuwa akimpeleka binti shule kwa baiskeli alipokuwa darasa la kwanza. Watu wakacheka, MC akadakia utani wa baiskeli, vigelegele vikapigwa. Kamera yangu ya pili ilikuwa kwa mzee. Hakucheka. Alichukua kitambaa cha meza kilichokunjwa kama ua, akakikunjua taratibu, akakinyoosha kwa kiganja, akaanza kukikunja upya. Alifanya hivyo mpaka hotuba ikaisha, na hakikurudi kuwa ua. Kwenye video niliacha sauti ya mwenyekiti ikiendelea na picha ikabaki kwa yule mzee na kitambaa chake.

Mama wa binti alinipigia simu kunishukuru, akashindwa kumaliza sentensi. Mwenyekiti naye alipiga.

"Kijana, hotuba yangu iko wapi?"

"Ipo mzee wangu, inasikika yote ile sehemu ya baiskeli."

"Inasikika! Mimi niliongea robo saa nimevaa suti mpya, unaniambia inasikika?"

Alikuwa na haki yake. Aliisimamia kamati miezi mingi, alikopa mpaka kwa jina lake ili ukumbi upatikane, na watoto wake walitaka kumwona baba yao akihutubia. Tangu hapo nikawa natoa video mbili: ndefu yenye kila hotuba kutoka salamu mpaka ahsanteni, na fupi ninayoihariri nitakavyo. Naiandika kabisa kwenye makubaliano kabla ya kupokea malipo ya awali. Kamati hutazama ile ndefu mara moja. Fupi ndiyo ninayoombwa tena ikipotea.

Nirudi Hadleyville, maana kuna kipande ambacho kila mwenye kuhariri anapaswa kukitazama mpaka kimchoshe. Zimebaki dakika chache kabla ya saa sita. Kane amekaa peke yake ofisini anaandika wosia. Muziki wa Dimitri Tiomkin unaanza kupiga kama saa, na kila pigo linaleta picha mpya: timazi ya saa inayocheza ukutani, reli tupu inayokwenda mpaka upeo wa macho, watu wamekaa kanisani, watu wamekaa baa, wale watatu stesheni, Amy, Helen Ramírez aliyewahi kuwa mpenzi wa Kane, kile kiti kitupu ambacho Miller alikalia siku ya hukumu akaapa kurudi. Kadiri inavyokwenda nyuso zinasogezwa karibu zaidi. Hakuna anayesema kitu. Hakuna anayefanya kitu. Kisha filimbi ya treni, na muziki unakatika.

Nililiingiza lile tukio kwenye programu yangu ya kuhariri na kulikata upya, picha kwa picha, nione limefungwaje. Nikajaribu kuondoa nyuso tatu nne zisizo na kazi kwenye kisa. Likafa. Kumbe ni wale wasio na kazi, wanywaji wa baa na waumini wasio na majina, ndio wanaofanya saa sita iwe nzito, kwa sababu wote wanajua na wote wamekaa. Elmo Williams na Harry Gerstad walipewa Oscar ya uhariri kwa kazi ya sinema hii, na sijui mwingine yeyote aliyeistahili zaidi kwa dakika chache hivyo. Cooper alipata ya mwigizaji bora, Tiomkin akapata mbili, ya muziki na ya wimbo, huu wa pili akigawana na mtunzi wa maneno, Ned Washington.

Saa za ukutani zimejaa humu ndani. Sinema inaanza baada ya saa nne na nusu asubuhi na muda wa mle ndani unakwenda karibu sawa na muda wako wewe uliyekaa kwenye kochi. Kila Kane anapoingia mahali, mahali hapo pana saa. Nikafikiria kumbi zetu. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia saa tatu usiku, na sisi wapiga picha tunatumia saa hizo tatu kuchaji betri na kula. Nikaanza kupiga zile saa tatu. Shangazi anayevua kiatu chini ya meza. Mhudumu aliyesimama na treya ya soda mpaka zimepoteza baridi. Bibi mmoja anayegeuza shingo kila mlango unapofunguliwa, anakuta ni mtu wa jenereta. Ukiweka sekunde hamsini za hao kabla ya maharusi kuingia, mlango ukifunguliwa hata asiyemjua bibi harusi anakaa vizuri.

Kuhusu rangi na sura. Mpiga picha wa High Noon, Floyd Crosby, pamoja na mwongozaji Fred Zinnemann, waliamua picha ifanane na zile za zamani za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: anga jeupe tupu, bila mawingu ya kupendeza, bila kichujio cha kulainisha. Cooper alikuwa na miaka 50 wakati wa kupiga, anaumwa vidonda vya tumbo na nyonga, na hawakumficha kwa vipodozi. Mikunjo yote ipo. Ukimlinganisha na Kelly, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka thelathini, unajiuliza maswali, na mimi naona hilo ni udhaifu wa sinema hata kama watu wanaliheshimu mno kusema. Ila uso ule usingefaa kulainishwa. Wateja wangu wanataka filta, nawawekea wao. Bibi zao nawaacha kama walivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa niaba ya bibi.

Kisa ninachowasimulia vijana wa kazi ni cha reli. Zinnemann na Crosby walikuwa wamelala na kamera relini kupiga treni ikija. Treni ikaanza kutoa moshi mweusi. Wakaona moshi unapendeza kwenye picha; hawakujua ndiyo ishara ya dereva kwamba breki zimegoma. Waliruka dakika ya mwisho, kamera ikasagwa, mkanda ukapona, na kipande hicho kimo ndani ya sinema. Vijana wanaopenda kupanda kwenye spika ili wapate picha ya juu nawaambia wakitazame.

Kuna mambo niliyajua baadaye sana. Carl Foreman, aliyeandika, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti mnamo Septemba 1951, sinema ikiwa katikati ya kupigwa. Zamani aliwahi kuwa mwanachama wa chama chao. Alikataa kutaja majina ya wenzake. Marafiki wakaanza kumkwepa, mshirika wake wa kazi Stanley Kramer akataka aondoke, jina lake la utayarishaji likafutwa likabaki la uandishi, naye akahamia Uingereza. Alikuja kusema kwamba mengi katika maongezi ya sinema yalikuwa karibu yaleyale aliyokuwa akiambiwa yeye. Nilipojua hivyo nikarudi kwa mke wa Sam Fuller pale mlangoni, anavyomdanganya Kane huku haya zimemjaa, na nikaona kwamba aliyeandika hakutunga uso ule nyumbani kwake. Alisimama mbele yake.

John Wayne aliichukia, akasema miaka mingi baadaye kwamba ni kitu cha kuipinga Amerika kuliko vyote alivyowahi kuona. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1953 ndiye aliyepanda jukwaani kumpokelea Cooper ile Oscar. Kisha mwaka 1959 yeye na mwongozaji Howard Hawks wakatoa Rio Bravo kama jibu, yenye rangi, ambamo askari hamwombi mtu msaada na bado watu wanamjia. Nikiwa nimechoka Ijumaa usiku naitazama hiyo kwa furaha zaidi. Kuhariri sikujifunza humo.

Na si kila kitu humu ndani ni cha kuigwa. Ngumi za zizini kati ya Kane na msaidizi wake Harvey ni ndefu bila sababu. Wimbo unarudiwa mpaka unatamani mwimbaji apewe maji. Mapigano ya mwisho yenyewe ni ya kawaida, ukiondoa mambo mawili. Moja, Ben Miller, ndugu wa Frank, anavunja kioo cha duka kuiba kofia ya kike, na mlio huo ndio unaomwambia Kane wako wapi. La pili ni risasi ya kwanza: Amy yuko ndani ya treni, anasikia mlio mjini, na tunamwona anavyosikia. Anaruka chini na kukimbia. Hajui nani kafa. Wangeweza kutubakiza kwa wenye bunduki, na pengine kule kibanda umiza ndicho tungekitaka.

Mwaka huu nina kijana mpya wa kamera ya pili. Nilimpa flashi na masharti yaleyale ya kuzima sauti. Alirudi hajafurahi. Kwanza alitaka kujua kama kuna pati two. Halafu akasema mwisho umekatwa vibaya. Frank Miller amekufa, watu wa mji wanamiminika barabarani kuwazunguka Kane na Amy, Kane anawatazama, anavua beji, anaidondosha mavumbini, anapanda gari la farasi na mkewe, wanaondoka bila neno.

"Bro, si ulisema kamera ikae kwa anayesikia?" akaniambia. "Wale watu wa mji hapo ndio wanaopewa ujumbe. Mimi ningewaganda usoni mmoja mmoja, yule wa kanisani na yule aliyejificha chumbani. Yeye anafuatwa wa nini, ameshaondoka?"

Nikamwambia wale tumeshawatazama saa nzima, hawana kipya, na Zinnemann yuko sahihi kuondoka na gari. Akasema basi kanuni yangu ina mlango wa nyuma. Tukabishana mpaka Ubungo. Jumamosi tuna ndoa Kimara, na ameniomba safari hii kipande cha kuaga akate yeye.